Tumeuliza Kama ni Halali, Hatukuuliza Kama Yanaponya

Msomaji mpenzi, hebu hesabu nami kidogo. Rakaa za faradhi kwa siku moja ni 17. Kila rakaa ina sijida mbili, maana yake paji la uso hugusa chini mara 34, na mara zote hizo goti ndilo linalobeba mzigo wa kushuka na kuinuka. Hapo hujatia sunna, hujatia witri, wala hujafika Ramadhani ukasimama tarawehe. Kijana hayajui haya. Mtu hulijua goti lake siku linapomkatalia, naye yuko baina ya sijida na kisimamo, mkono mmoja chini, mwingine umeshika bega la jirani, na watu wote wamekwisha kusoma nusu ya Alhamdu.

Nayasema haya kwa sababu ya dada yangu mkubwa, na kwa sababu ya makopo niliyoyakuta nyumbani kwake Kisii.

Dada aliolewa huko mwaka 1976. Shemeji, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na wakati huo watu wa kwetu Mombasa walishangaa sana kuwa binti wa Kibokoni amekubali kupelekwa mahali ambako hakuna bahari wala joto wala mnazi hata mmoja. Yeye akaenda, akakaa, akajifunza Ekegusii mpaka akawa anapatana bei kwa lugha hiyo sokoni Daraja Mbili kuliko hata wenyeji. Mji wa Kisii una Waislamu wake wa siku nyingi, wakiwamo Wanubi, kwa hiyo hakukosa jamaa wa kuswali nao wala wa kushikana nao katika harusi na matanga. Leo ni mjane, ana duka dogo la leso na vitambaa, na ana magoti mawili yanayolia kama bawaba za mlango mkongwe.

Nilimtembelea mwezi wa Agosti mwaka 2023. Basi hupanda kutoka Nairobi kupitia Narok, Bomet na Sotik, halafu Keroka, na kuanzia hapo mtu wa pwani huanza kuelewa kwa nini watu wa huku wana miguu waliyo nayo. Hakuna tambarare. Nyumba ziko juu, visima viko chini, shamba liko ng'ambo, na baina ya hivyo vyote ni mteremko. Mji wenyewe wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukishika barabara ya Chemosit kwenda Nyamira unazidi kupanda mpaka uingie katika mashamba ya chai. Si ajabu kwamba Naftali Temu, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 katika mbio za mita 10,000, alikuwa mtoto wa vilima hivi vya Nyamira. Lakini vilima vinavyomtengeneza mkimbiaji ndivyo vinavyommaliza mama mwenye umri wa miaka sitini ambaye kila siku amebeba kikapu cha majani mabichi ya chai mgongoni, au mtungi wa maji, au mkungu wa ndizi. Jirani wa dada, mama mmoja mtu mzima, omongina kama wanavyoheshimiwa kule, ana shamba lake upande wa Nyamira na huja mjini kwa mwanawe. Magoti yake na ya dada ni ndugu moja.

Sasa makopo. Nilikuta matano kabatini, matatu yakiwa matupu. Moja limeandikwa glukosamini na kondroitini, la pili kolajeni, la tatu maandishi yake ni ya Kichina na picha ya mzee anayeruka. Nikauliza bei. Dada akazunguka maneno kama afanyavyo mtu aliyekwisha kujua kuwa jibu halitapendeza, mwisho akasema kopo moja ni shilingi 4,500 na linatosha mwezi. Yule omongina akaguna. Yeye pia hununua. Kwa malipo ya mwezi ya wakati huo, shilingi ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi, kabla ya bonasi, kopo hilo moja lilikuwa kiasi cha kilo 200 za chai zilizochumwa kwa vidole, zikabebwa mpaka kituo cha kununulia. Yaani anachuma kwa magoti mabovu ili anunue dawa ya magoti.

“Nani kakuuzia?” nikamwuliza dada.

“Kijana mmoja mwenye adabu zake, ndugu yangu. Anatuita mama. Na usihofu, nimemwuliza: ni halali.”

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani mpaka nikashika kalamu.

Siku ya tatu yule kijana alikuja. Kweli ana adabu, suti imepigwa pasi, na mkoba wenye kompyuta ndogo. Alijiita mshauri wa afya. Ana mashine: unashika chuma mkononi kama dakika moja, na kompyuta inatoa orodha ya maradhi yako yote, kuanzia ini mpaka kucha. Ada ni shilingi 500. Nikajitolea. Mashine ikamaliza kazi yake, kijana akasoma kwa sauti ya huruma kwamba mifupa yangu ina upungufu, figo zimechoka, na kizazi changu hakiko sawa, huenda ndiyo sababu siku zangu zinachelewa. Mimi ni mzee wa miaka 66 mwenye ndevu. Alikuwa amesahau kubadili jinsia baada ya mteja aliyenitangulia. Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana alirekebisha, akapima tena, na mara hii nikaonekana nina tezi. Dawa, hata hivyo, ilibaki kopo lile lile.

Tulicheka, lakini baadaye usiku sikucheka. Watu wetu si wajinga. Dada yangu aliuliza swali. Aliuliza kwa makini, akataka kuona kibandiko, akampigia simu hata mtoto wa shangazi yetu aliyesoma Madina. Ila swali alilouliza lilikuwa moja tu.

Na swali hilo lina msingi wake, nisije nikaeleweka vibaya. Glukosamini ya madukani kwa kawaida hutolewa katika maganda ya kamba na kaa. Mtu wa kwanza kuitenga ni Mjerumani Georg Ledderhose, mwaka 1876. Siku hizi nyingine hutengenezwa kwa mahindi. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi hatuna mjadala juu ya kamba. Kaa ana maneno yake kwa wanazuoni. Kondroitini ndiyo yenye mashaka zaidi, kwa kuwa hutoka katika gegedu la ng'ombe, la nguruwe au la papa, na kopo mara nyingi halisemi ni la mnyama yupi. Kolajeni vilevile: ng'ombe, nguruwe, samaki. Hata kidonge chenyewe, lile ganda laini linaloyeyuka, mara nyingi ni jelatini. Kwa hiyo Mwislamu anayeuliza anafanya wajibu wake. Kosa ni kudhani kwamba akishajibiwa hilo, yote yamejibiwa. Kibandiko cha halali kinakwambia kilichomo si haramu. Hakikwambii kwamba kitakuinua kutoka kwenye sijida. Maji ya bomba nayo ni halali.

Hebu basi tuulize lile swali la pili: je, yanaponya?

Kwanza tujue goti linaumwa nini. Kwetu pwani kila maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na mtu akihamia bara lawama zote tunaitupia hali ya hewa. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini kwamba ukungu wa Kisii ndio uliomwingia mwanawe mifupani. Baridi hukaza misuli na huenda ikayafanya maumivu yasikike zaidi, lakini baridi haili goti. Kinachoisha kwa wazee wengi ni gegedu, ile nyama ngumu, nyeupe na laini kama ndani ya dafu, inayofunika ncha za mifupa isisuguane. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiharibika halijirekebishi kama kidonda cha ngozi. Umri, uzito wa mwili, kazi nzito, jeraha la zamani na urithi wa ukoo, vyote huchangia, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Wazo la kula gegedu ili uote gegedu linavutia kwa sababu linafahamika upesi. Ni kama kumwambia mwenye upara ale nywele. Wazo hilo lilienea hasa baada ya mwaka 1997, pale daktari mmoja wa Marekani, Jason Theodosakis, alipotoa kitabu kilichouzwa mno juu ya glukosamini na kondroitini. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1994, Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayoruhusu virutubisho kuuzwa bila kwanza kuthibitisha kuwa vinatibu. Biashara ikafunguka, na ndiyo hiyo iliyopanda milima mpaka Nyamira.

Serikali ya Marekani yenyewe ikatoa fedha ili jambo hilo lipimwe, na matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Wagonjwa wa goti 1,583 waligawanywa makundi matano kwa wiki 24: wengine walipewa glukosamini, wengine kondroitini, wengine vyote viwili, wengine dawa halisi ya maumivu iitwayo selekoksibu, na wengine vidonge vitupu visivyo na kitu, bila wenyewe kujua. Kisha wakahesabiwa waliopata nafuu ya maana. Waliokula vidonge vitupu, nafuu iliwafikia watu 60 katika kila 100. Waliokula glukosamini na kondroitini pamoja, kiasi cha 67. Selekoksibu, 70. Wataalamu wa hesabu wanasema tofauti ile ya kati yaweza kuwa bahati tu. Ni kweli kwamba kikundi kidogo cha wenye maumivu makali zaidi kilionekana kufaidika, na wauzaji hukishikilia hicho kwa mikono miwili. Ni kweli pia kwamba mwaka 2001 uchunguzi wa Ulaya wa wagonjwa 212, uliotumia glukosamini ya kampuni moja ya dawa, ulionyesha goti likichakaa polepole zaidi katika miaka mitatu. Lakini mwaka 2010 zilipojumlishwa tafiti 10 zenye wagonjwa 3,803, faida ya maana haikuonekana, na chama cha madaktari wa viungo wa Marekani katika mwongozo wake uliotoka mwaka 2020 kimeshauri kwa nguvu kwamba goti lisitibiwe kwa vidonge hivyo.

Vitamini D je? Kwa mtu aliyepungukiwa nayo ni dawa hasa, na mwanamke anayefunikwa na buibui mchana kutwa, au mzee asiyetoka nje, anastahili kupimwa. Lakini goti lililochakaa ni jambo jingine: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2020 uliwafuata watu wenye maumivu ya goti kwa miaka mitano, na vitamini D haikuwapunguzia, wala mafuta ya samaki.

Najua msomaji wa pwani atauliza juu ya manjano. Nami nilitaka iwe ndiyo! Mwaka huo huo wa 2020, madaktari wa Tasmania kule Australia waliwapa wagonjwa 70 dondoo la manjano au kidonge kitupu kwa wiki 12, na waliokula manjano walipata nafuu kidogo ya maumivu, ingawa maji yaliyojaa gotini hayakupungua. Ni utafiti mdogo, nafuu ndogo, na lilikuwa dondoo lililokolezwa, si kile kijiko cha bizari tunachotia katika mchuzi. Habasoda nayo tunaiheshimu kwa hadithi iliyo mashuhuri, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tujitibu; sioni ubaya wa kuitia katika chai au kuchua goti kwa mafuta yake. Mkono wa binti anayemchua mamake una shifaa yake pia. Ninachokataa ni kuuza bonasi ya chai kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye lile lililonitisha.

Lile kopo lenye picha ya mzee anayeruka, dada alisema lilikuwa la ajabu. Siku ya tatu tu maumivu yalikwisha. Alipanda ngazi. Aliswali kwa sijida kamili kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, akalia. Mtu utamwambia nini mtu aliyelia kwa furaha kwenye mswala? Lakini baada ya miezi miwili uso ulianza kujaa ukawa mviringo, usingizi ukapotea, tumbo likawaka, na sukari yake, ambayo ilikuwa imetulia kwa miaka, ikaruka. Daktari aliyemwona akamwuliza swali moja kabla hata ya kupima: “Mama, kuna vidonge vya viungo unakunywa?”

Kumbe madaktari wanazijua dalili hizo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa maonyo mfululizo juu ya virutubisho vya viungo vyenye majina ya Artri King na Artri Ajo King. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo, na watu walikuwa wameripotiwa kuumwa ini na hata kufa. Kopo la dada halikuwa la jina hilo, wala mimi siwezi kuapa kilichokuwamo, maana lilikuwa tupu. Lakini kirutubisho cha kweli hakiondoi maumivu ya miaka kwa siku tatu. Kikifanya hivyo, ndipo uogope. Diklofenaki ya kificho hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha shinikizo la damu. Deksamethasoni hupandisha sukari, na mwili ukiizoea haifai kuikata ghafla. Mtu aliyekwisha kuinywa kwa wiki nyingi aende kwa daktari na kopo lake mkononi, asilitupe chooni kwa hasira. Sisi watu wa pwani, tulivyojaa sukari na presha katika kila nyumba, tungepaswa kuwa wa kwanza kuhofia.

Hata glukosamini safi ina watu wasiofaa kuinywa bila kuuliza. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, kwake yaweza kumletea kutoka damu. Anayedhurika akila kamba naye ajihadhari.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau kabisa, nalo ni kwamba si kila goti linaloumwa ni goti la uzee. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa saa nzima, hiyo ndiyo baridi yabisi ya kweli, na ina dawa za hospitali zinazozuia viungo kupinda, zikianzwa mapema. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku, hilo ni jongo. Goti moja likivimba ghafla na homa, huenda ni usaha ndani, na hilo ni la siku hiyo hiyo. Na mtoto anayelia mifupa mara kwa mara, hasa kwetu pwani na kwa wenzetu wa kandokando ya Ziwa Victoria, apimwe selimundu. Wote hawa yule kijana angewauzia kopo lile lile, kwa maana mashine yake haina jibu jingine.

Wenyeji wa Kisii wana jambo ambalo wangeweza kutufundisha hapa. Abagusii ni watu wa elimu ya kale sana ya mifupa. Tabibu wao wa upasuaji, omobari, alikuwa akifungua fuvu la mtu aliyepasuka kichwa au aliyeteswa na maumivu yasiyokwisha, na mgonjwa akaishi. Dakta Edward Margetts, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyaandika hayo, na madaktari wa Ulaya wakastaajabu. Sisemi turudi huko. Mimi fuvu langu nitalipeleka hospitali. Nasema hivi: omobari alikaa katika kilima kile kile na mgonjwa wake. Akikosea, kosa lake lilikuwa linapita mbele ya mlango wake kila asubuhi likienda kisimani. Jina la baba yake lilijulikana. Kijana wa suti, yeye ana namba ya simu, na juu yake kuna mtu mwingine mwenye namba ya simu, na juu ya huyo kuna mwingine, kila mmoja akila asilimia yake, mpaka unafika ng'ambo ambako hakuna anayejua kuna mahali panaitwa Keroka. Simchukii kijana. Ana shahada, hana kazi, na makopo kumi ya kwanza alilazimika kuyanunua kwa fedha yake. Lakini mamake akiumwa goti, sidhani kama atampa lile la mzee anayeruka.

Je, dada alitibiwa na nini? Jibu lake halina kopo, na ndiyo maana hakuna aliyekuja mlangoni kumwuzia. Daktari alirekebisha sukari, akampa paracetamol na dawa ya kupaka, kisha akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dada alikasirika. “Mazoezi ni ya vijana wa mpira,” akasema. Zoezi la kwanza lilikuwa kukaa kitini, kunyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, kuushikilia kwa hesabu ya kumi, kuushusha, na kurudia. La pili ni kuinuka kitini bila kushika kitu. La tatu ni kutembea mahali tambarare, jambo ambalo kwa Kisii linahitaji kutafutwa. Alilipata kwenye kiwanja cha shule. Misuli ya paja ikipata nguvu hubeba mzigo ambao goti lilikuwa linaubeba peke yake. Tafiti juu ya mazoezi ni nyingi na zinakubaliana kuliko zile za makopo. Halafu uzito: mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walipima wakaona kwamba kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Dada alipunguza mahamri, akarudi kwenye chakula cha majirani zake, ugali wa wimbi na chinsaga, yaani mgagani, ile mboga chungu ambayo Abagusii humpa mzazi apate nguvu. Si kwamba chinsaga inaotesha gegedu. Ila haiotoshi tumbo pia.

Nafuu ilimjia polepole, kwa miezi, na haikukamilika. Bado kusujudu chini kunamtesa. Hapa ndipo tulipogombana kweli, mimi na dada yangu, kwa sababu niligundua kwamba makopo yote yale hakuyanunua kwa ajili ya maumivu. Maumivu angeyavumilia, amezaa watoto sita. Aliyanunua kwa sababu ya kiti. Aliona haya kukaa kitini upande wa wanawake, wasichana wakimwangalia, naye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wao kuswali. Kiti kwake kilikuwa kama kutangaza kwamba imani imepungua nguvu.

Nikamkumbusha mambo tuliyosomeshwa chuoni tukiwa wadogo, tena na maalimu yule yule mwenye bakora: asiyeweza kusimama atakaa, asiyeweza kukaa atalala, na asiyeweza kusujudu ataashiria, na thawabu yake haipunguzwi hata chembe. Nikamwambia kwamba ruhusa hiyo imo katika dini tangu mwanzo, haikuletwa na wavivu wa leo. Akaniambia, “Najua fiqhi kuliko wewe. Kujua si tatizo.” Na kweli si tatizo. Ni misikiti mingapi yetu, bara na pwani, yenye viti vinne vitano vilivyopangwa vizuri mwishoni mwa safu, ili mzee asilazimike kubeba chake kutoka nyumbani kama mchuuzi? Ni khutba ngapi umesikia juu ya swala ya mwenye kuumwa goti? Tumeliachia jambo hilo liwe aibu ya mtu mmoja mmoja, na aibu hiyo ina soko. Anayekuja na kopo anajua anachouza kuliko sisi tunavyojua tunachonunua.

Nilipoondoka Kisii dada alikuwa amekubali kiti kwa swala ya Adhuhuri na Alasiri, kwa kuwa wakati huo wasichana wako shuleni. Ijumaa bado.

Na yule omongina? Nilimweleza yote haya sebuleni, hesabu zangu za 60 na 67 na 70, dada akitafsiri pale Kiswahili changu kilipomzidi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema kwamba yeye tangu aanze lile la kamba na kaa analala usiku, na akaniuliza kama wale 60 waliokula vidonge vitupu walidanganya waliposema wamepata nafuu. Nikasema hapana, hawakudanganya. Akauliza, basi vile vitupu vinauzwa wapi, na ni bei gani?

Dada hakutafsiri jibu langu, kwa maana sikuwa nalo. Yule mama akafunga leso yake, akashika ukuta, akainuka taratibu kwenda kupanda gari la Nyamira kabla mvua haijaanza.